Sakafu Niliyoishukuru Kabla ya Kujengwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa miaka ile, Kampala ikiwa mikononi mwa wanajeshi, kukaa ndani kulihesabiwa kuwa akili. Mimi nilikaa ndani hata kabla yao. Wenzangu walipokwenda kutazama mpira, nilibaki kwenye kiti changu cha mbao nikisoma gazeti la juzi, na mdogo wangu wa kike, kila akipita mlangoni, alisimama kuniuliza, kana kwamba mimi ni kuku, hali ya mayai.

"Kaka, leo unaangua, au tukuletee mtama kidogo uendelee kutamia?"

Basi nikisema kwamba katika mambo yote ya miaka ile lililonikasirisha likanikaa kooni hadi leo ni habari ya sakafu, sakafu ya saruji iliyokuwa nje, ambayo mimi mwenyewe sikuichezea hata siku moja, nakubali ucheke. Ukishamaliza, unisikilize.

Tulikaa Nsambya, kwenye nyumba za watumishi wa reli. Baba alikuwa fundi wa karakana, mtu wa magharibi ya Kenya aliyekuja Kampala kwa mkataba wa miaka miwili na kusahau kurudi. Nyuma ya nyumba zetu paliwahi kuwa na ghala. Sisi tulilikuta limeshavunjwa: mabati yalikwenda, nguzo zikaenda, ikabaki sakafu peke yake, ndefu kama mabehewa mawili yaliyounganishwa, laini kama sahani, imeinama kidogo upande wa bonde ili maji ya mvua yasituame. Aliyeimwaga alikuwa fundi kweli. Hatukumjua, lakini watoto wa mtaa mzima walimbariki kwa makalio yao.

Walikuwa na vyombo walivyoviita mota. Mota ilikuwa kipande cha ubao chenye beringi nne chini yake, zile za chuma zilizochoka kwenye mashine za karakana na ambazo, kwa sheria, zilitakiwa kutupwa. Hakuna baba aliyezitupa. Mbele uliwekwa mti unaogeuka kwa bolti moja, ukafungwa kamba ya kuongozea, na safari ikaanza. Kelele yake ilikuwa kama treni inayosaga meno. Mimi niliisikia kutoka kitini, nikafunga dirisha, nikaendelea na gazeti.

Bingwa wa sakafu ile alikuwa mdogo wangu.

Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, ikauacha mguu wake wa kulia mwembamba kama wa korongo. Njiani alitembea kwa gongo, na njia zetu zilikuwa za changarawe na mashimo, kwa hiyo kila hatua yake ilikuwa hesabu. Watu walimpa pole asubuhi, wakampa tena jioni, kama salamu. Alikuwa na miaka kumi na sita na alizichukia pole hizo kuliko gongo lenyewe. Lakini akishakaa kwenye mota, mguu mbaya umefungwa kwa kitambaa, mikononi amevaa soli za kandambili za tairi ili asukume sakafu bila kuchunika, hapo hakuna aliyempa pole. Walimpisha. Alikwenda chini kama jiwe, akageuka pale mwisho kwa mkono mmoja, akapanda tena akiwatukana waliochelewa kumwondokea njiani. Ni mahali pamoja tu duniani ambapo alikuwa na haraka, na haraka yake ilimfaa.

Siku moja asubuhi likaja katapila.

Tuliambiwa kwamba wageni wakubwa wanatarajiwa mjini, na kila kinachoonekana kutoka barabara kuu lazima kipendeze. Sakafu yetu haikuonekana kutoka barabara yoyote. Ilisemekana pia kwamba ofisa mmoja wa jeshi, aliyehamia nyumba nzuri ya juu ya mteremko ambayo wenyewe, Wahindi, walifukuzwa nchini, alikuwa akikosa usingizi wa mchana kwa ajili ya beringi. Sababu hii ya pili haikutangazwa, ndiyo maana tuliiamini.

Saruji ile ilikataa kuvunjika upesi. Katapila lilikwenda na kurudi tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana, na mdogo wangu alisimama mlangoni muda wote ameegemea gongo. Nilimwambia aingie ndani, asije akaonekana anakasirika.

"Sikasiriki," alisema. "Natazama namna watu wazima wanavyofanya kazi."

Wiki iliyofuata mkuu wa mtaa wetu, mzee mpole Mganda ambaye woga ulikuwa umemshusha mabega, alipita nyumba kwa nyumba. Serikali, alisema, haichukui bila kutoa. Itajenga kitu badala ya sakafu. Meja anayesimamia eneo letu atakuja mwenyewe Jumamosi kusikia wananchi wanataka nini.

Mdogo wangu alinijia siku hiyohiyo na daftari na kalamu, akaviweka mapajani mwangu juu ya gazeti.

"Una kidato cha nne na huna kazi," alisema. "Andika. Sakafu nyingine, palepale, kabla ya mvua. Wewe ndiye katibu wa wakazi."

"Nani amenichagua?"

"Mimi. Kura zimekwisha."

Sasa hapa nieleze jambo, maana ndipo kosa lilipozaliwa. Kwetu mtu haombi kavu. Unashukuru kwanza. Unashukuru kwa ulichopewa, kisha unashukuru kwa ambacho bado hujapewa, ili mwenye nacho, akishapokea asante mbele za watu, aone haya kufumba mkono. Bibi yangu alikuwa akimshukuru jirani kwa kuku ambaye bado anadonoa uani kwa huyo jirani, na jioni kuku alifika. Chini ya wanajeshi desturi hiyo ilinenepa. Hakuna barua iliyothubutu kwenda ofisini bila kutanguliza shukrani, na shukrani ziligombania urefu.

Nami niliziandika. Ukurasa wa kwanza mzima. Naukumbuka kwa moyo, kama mtu anavyokumbuka siku aliyoanguka mbele za watu: "Sisi wakazi tunaishukuru Serikali kwa kutupatia sakafu mpya, pana, laini na imara, mahali pa ile ya zamani iliyokuwa imechakaa." Niliona fahari hasa kwa neno "imara". Chini yake nikatia sahihi kwa madaha, kwa sababu nafasi ilibaki. Ukurasa wa pili ndio uliobeba ombi: kwamba sakafu hiyo tunaomba ijengwe kabla ya mvua, iwe na mwinamo, isizungushiwe waya.

Mdogo wangu alisoma akikunja uso.

"Mbona huku mbele inasomeka kama tumeshapewa?"

"Ndiyo adabu ya barua."

"Weka ombi juu, kaka."

"Ombi juu ni ufidhuli. Hayo mambo yana utaratibu wake. Niachie mimi niliyesoma."

Akaniachia mimi niliyesoma.

Jumamosi tulikusanyika karibu na kifusi tangu saa tatu. Meja alifika saa saba na askari wanne na faili moja. Kiti alichokalia kilikuwa changu. Mkuu wa mtaa alikiazima nyumbani kwetu kwa sababu kilikuwa na mikono, na nikabaki nimesimama juani, jambo ambalo mwili wangu haukulizoea.

"Afande, ssebo," alianza mkuu wa mtaa, "kwanza tunashukulu. Tunashukulu sana kwa kuvunjiwa. Sasa wananchi wanasema hivi na vile juu ya kile kitakachokuja."

"Waseme," alisema Meja. "Lakini hapana kelele."

Aliyeanza ni mama Mkongo aliyeuza mandazi pale kwenye kona, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mto.

"Mimi naomba bomba! Ndoo moja napanga foleni mpaka jua linazama. Mnataka sakafu tena? Watoto watakunywa beringi?"

Watu walicheka, na si vibaya, kwa sababu alisema kweli. Mdogo wangu alijibu akiwa ameketi kwenye tofali.

"Mama, bomba tuliahidiwa kabla sijazaliwa. Nani amevunja bomba? Kilichovunjwa ni sakafu, kinacholipwa ni sakafu. Bomba tudai siku yake, na mimi nitakuja kukushikia ndoo."

"We mtoto, maji si mchezo!"

"Na miguu si mchezo, mama."

Yule mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Baadaye aliniambia kwamba pale alikuwa ameshakubali, ila aliona haya kusema.

Akasimama mzee mmoja, gadi wa treni aliyestaafu, akasema mchezo wa magurudumu ni uhuni wa Wazungu, mtoto wa Kiafrika ana miguu yake. Mtu akamwambia na wewe mzee ulikwenda kwa miguu hadi Mombasa miaka thelathini? Akakaa. Kisha kijana mmoja wa suruali pana, ambaye kila mtu alijua anakunywa na askari, akapendekeza kilabu ya maofisa, iwe na muziki na nyama choma, mtaa uchangamke. Hakuna aliyempinga. Hakuna aliyepumua pia. Mjadala wenyewe, nikiutazama leo, ulikuwa mzuri kuliko mingi niliyoisikia bungeni miaka ya baadaye. Watu walikuwa wamenyimwa kusema muda mrefu, na walipopewa kipande cha ardhi cha kusemea, walisema kwa akili na kwa utani, wakasikilizana. Ndiyo maana ninakasirika. Tulikuwa tunatosha kabisa kuamua, tukadhani tunaamua.

Meja alipiga miayo.

"Nyinyi maneno mingi. Nani iko na karatasi?"

Macho yote yakanigeukia. Nikasogea. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti niliyofundishwa shuleni, na nakiri, niliposema "imara" nilitua kidogo ili neno liingie. Nilipofika kwenye sahihi Meja alikuwa ameshasimama, anapiga makofi.

"Safi! Hii ndiyo mwananchi. Wengine hapa naomba, naomba. Huyu nashukuru!"

Akauchukua ukurasa mkononi mwangu, akampa askari, askari akautia kwenye faili. Watu wote wakapiga makofi, maana yeye alikuwa akipiga. Ukurasa wa pili ulibaki katika mkono wangu wa kushoto.

Sauti ya mdogo wangu ikapanda juu ya makofi.

"Afande, bado kuna karatasi ya pili."

Makofi yakafa. Meja hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, usoni, bila hasira, kama mtu anayesubiri chenji.

"Karatasi ya pili nasema nini?"

Mwezi uliotangulia, mwalimu mmoja wa mstari wa nyumba uliofuata alikuwa ameitwa nje na watu wa usalama waliokuja kwa gari "mara moja tu", na viatu vyake vilikuwa bado mlangoni kwake, mke wake hataki viguswe. Nikaviona akilini viatu hivyo. Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka:

"Ni shukrani zaidi, afande."

Akacheka sana. "Hiyo soma nyumbani!" akasema, akaingia kwenye gari.

Baba aliniambia jioni nimefanya vizuri, niko hai. Mama aliniwekea kipande kikubwa cha samaki. Siku iliyofuata, mdogo wangu alipopita mlangoni, hakuniuliza habari za mayai. Wala siku ya tatu. Alikuwa akisema "kaka, chakula tayari" kwa heshima zote, kama mgeni. Sijawahi kupigwa kofi linaloumiza kama heshima ile.

Mvua ikaja. Sakafu haikuja. Njia zikawa uji, gongo likizama hadi nusu, na mdogo wangu akawa anashinda ndani, kwenye kiti changu, anatazama ukuta. Nyumba yetu sasa ilikuwa na watu wa nyumbani wawili, mmoja kwa kupenda na mmoja kwa kufungiwa, na ndipo nilipoelewa kwamba mambo hayo mawili hayana undugu. Mimi nilikuwa nikikaa ndani kwa sababu nje palikuwapo, panangoja. Yeye walimchukulia nje yake wakaibeba kwenye lori.

Najua utakachosema. Miaka ile watu walipotea, wake walibaki na viatu, na mimi naleta kilio cha saruji. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara naona ni maneno yaleyale ya Meja: hicho chako ni kidogo, kasome nyumbani. Anayekunyang'anya kikubwa hufanya mazoezi kwanza kwa kidogo, na hukuzoeza wewe kusema asante.

Mvua ilipokatika, mdogo wangu alisema, "Nataka kwenda Nakasero, ofisini kwao, kwenye lile faili. Unanipeleka au nitambae?"

Nikachukua baiskeli ya Baba. Yeye alikaa nyuma kwenye karia, gongo limefungwa kwenye fremu, mota mapajani. Nilimuuliza mota ya nini.

"Waone sakafu ni ya kazi gani. Wewe si utawapelekea maneno tena?"

Ile "wewe" ilikuwa na kamwiba kadogo, nikafurahi. Kilima cha Nakasero nilikipanda nikiisukuma baiskeli, natweta, yeye akinihesabia miti iliyobaki na kuniuliza kama nikizimia amwambie nani.

Ofisi ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Karani alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, sauti ya chini ya mtu anayejua kuta zina masikio. Nilimweleza: sakafu ya Nsambya, ile tuliyoahidiwa, tunauliza itajengwa lini. Akafungua kabati, akatoa faili, akapekua. Akanitazama, akatazama faili.

"Lakini imeshajengwa."

"Wapi?" aliuliza mdogo wangu.

"Hapa." Akageuza faili upande wetu. Ulikuwa ukurasa wangu. "Sakafu mpya, pana, laini na imara." Chini yake mtu alikuwa amepiga mhuri, na kuandika kwa wino wa kijani kwamba saruji ilitolewa yote, kazi imekamilika, na ushahidi ni barua ya wananchi wenyewe. "Sahihi hii ya nani?"

"Yangu," nilisema.

"Basi umeshapokea."

Sijui ilitoka wapi, maana ushujaa haukuwa ukihifadhiwa nyumbani kwetu, lakini niliutoa ukurasa wa pili mfukoni, umekunjika na umelowa jasho, nikaulaza juu ya faili. Nikamwambia nilimdanganya Meja, kwamba huu ndio uliokuwa na ombi, na kwamba naomba kuondoa shukrani zangu. Karani alisoma polepole. Nikaona shingo yake inalowa.

"Kijana, ninyi mnakaa na Mama bado?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi msimlize. Saruji hiyo ni nyumba ya mtu sasa. Ina paa, ina mbwa. Shukrani haziondolewi, hakuna fomu yake, na mimi nina watoto." Akaukunja ukurasa wa pili vizuri, mara mbili, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. "Hii sijaiona. Na ninyi hamkuja. Rudini nyumbani, tafadhali, wanangu."

Ile "tafadhali" ilinikasirisha kuliko mhuri. Alikuwa mtu mwema. Wakubwa walikuwa wamewafikia hata watu wema, wakawapa kazi ya kutufukuza kwa upole.

Tukatoka. Nilikuwa nimesimama pale nje ya mlango natafuta maneno ya kumwambia mdogo wangu, maneno ya mtu aliyesoma, nikamwona hanisikilizi. Alikuwa anatazama chini. Ukumbi ule, kutoka mlango wa karani hadi ngazi, ulikuwa saruji tupu, nyekundu, imepakwa nta na kusuguliwa mpaka taa zinaonekana ndani yake.

"Nishikie," alisema, akanipa gongo.

"Usithubutu."

Alikuwa ameshakaa. Hakuwa na soli za mikononi. Alisukuma kwa viganja vitupu. Mota ikanguruma, na ndani ya ukumbi ule uliofungwa ilinguruma kama treni nzima. Mashine za kuandikia zikanyamaza chumba baada ya chumba. Milango ikafunguka, vichwa vikatoka, vikarudi, milango ikafungwa. Askari aliyekuwa kwenye ngazi akaruka wima, akanyoosha mgongo, akangoja kuona ni nani mkubwa anapita na kelele kubwa namna ile. Hakuna aliyeuliza kitu. Mji ule ulikuwa umeshajifunza kwamba mwenye kelele ana ruhusa.

Alifika mwisho, akageuka kwa mkono mmoja, akarudi hadi miguuni pangu. Nilikuwa nimelikumbatia gongo kama mtoto mchanga. Alifumbua viganja, akavitazama: vilikuwa vyekundu kwa nta.

"Inateleza," alisema. "Na haina mwinamo. Hawa watu hata sakafu hawajui."

Nikamwinua, nikampa gongo lake, tukashuka ngazi mbele ya askari aliyekuwa bado amesimama wima.